Masanduku ya Spika ya Zamani na Sauti ya Gitaa la Besi: Maelezo kwa Mafundi na Wanamuziki wa Kilwa na Pwani ya Lindi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna masanduku ya spika yaliyobuniwa kati ya miaka ya 1930 na 1970 yanavyofanya kazi, na sababu za baadhi yake kulifaa gitaa la besi kuliko masanduku makubwa ya disko yanayotawala sherehe za leo. Hoja inayojengwa ni kwamba mpigo wa gitaa la besi katika muziki wa dansi ni wimbo kamili wenye mwendo wake. Sanduku linalotikisa kifua bila kuuacha wimbo huo usikike linamnyima mpigaji kijana darasa lake. Maelezo yanahusishwa na mazingira ya Kilwa na pwani ya Lindi: kiwanja cha wazi, ukuta wa mawe ya matumbawe, jenereta ndogo, hewa ya chumvi na mbao zinazopatikana.

Istilahi muhimu: gitaa la besi, sanduku la spika, sanduku la tundu, baragumu, muziki wa dansi, Kilwa, Lindi

1. Utangulizi

Jina la Kilwa liliingia mapema katika muziki wa dansi. Katika miaka ya 1960, Kilwa Jazz iliyoongozwa na Ahmed Kipande ilikuwa miongoni mwa bendi zenye sifa jijini Dar es Salaam, sambamba na Western Jazz, Rufiji Jazz na Ulanga Jazz. Majina hayo yalibeba kumbukumbu ya kwao: watu wa kusini, wa bonde la Rufiji, wa Tabora, walikutana mjini na kuunda bendi kwa ujirani wa nyumbani. Baadaye bendi nyingi ziliingia chini ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilipita majina ya JUWATA na OTTU kabla ya kufahamika kama Msondo Ngoma. Katika mfumo huo vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Gitaa, amplifaya na masanduku vilibaki.

Jambo hilo lina uzito kwa mada yetu, kwa kuwa ujuzi wa muziki huu haukuhifadhiwa kwa nota. Mpiga besi aliupata kwa kusikiliza, akisimama karibu na jukwaa au akikaa na redio, hadi mwendo wa wimbo ulipomkaa vidoleni. Endapo mwendo huo hausikiki, hakuna kitabu cha kumrudisha nyuma. Ndiyo maana suala la sanduku la spika, ambalo kwa kawaida huachiwa seremala na fundi redio, linastahili kuingia katika mjadala wa urithi wa muziki.

2. Besi husikika wapi?

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Uzi mzito kuliko yote hutetemeka takribani mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Unaofuata hezi 55, kisha 73, na mwembamba hezi 98. Mtu akitazama namba hizi atadhani kuwa sanduku la gitaa la besi lazima litoe hezi 41 kwa nguvu zote, vinginevyo halifai.

Redio ndogo inaukanusha udhanifu huo. Spika ya redio ya mkononi, yenye upana wa inchi tatu au nne, haiwezi kabisa kutoa hezi 41. Hata hivyo wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, mijini na vijijini, waliufuata mwendo wa besi wa bendi walizozipenda kupitia redio za namna hiyo. Waliufuataje? Uzi unapopigwa hautoi sauti moja. Juu ya sauti ya msingi hutoa nyingine zenye mitetemo mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Hapa nitaziita sauti ambata. Uzi wa hezi 41 hutoa pia 82, 123, 165 na zaidi. Sikio likizipata sauti ambata kwa mpangilio wake, ubongo huijaza ile ya msingi hata kama haikufika. Hivyo basi, kinachomwezesha msikilizaji kutambua kuwa mpigaji amepanda au ameshuka kiko kwa sehemu kubwa kati ya hezi 80 na mia kadhaa, na mgongano wa kidole na uzi uko juu zaidi ya hapo.

Masanduku ya disko yameundwa kwa kazi nyingine. Huwekewa kichujio kinachozuia sauti zote zilizo juu ya hezi 100 au 150, yakabaki kupiga mdundo wa chini wa muziki wa kompyuta, singeli ikiwamo. Kwa kazi hiyo ni mazuri, na sina ugomvi nayo. Lakini gitaa la besi likipitishwa humo peke yake, sauti ambata hukatwa, na kinachobaki ni mngurumo usiotofautisha uzi na uzi. Hali huwa mbaya zaidi katika chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo wa dansi ambapo magitaa hukaza mwendo na wachezaji huachia miili. Sauti moja haijakoma ndani ya sanduku, ya pili imekwishaingia.

3. Kazi ya sanduku

Wajuzi wa ngoma wa pwani hawahitaji kuambiwa kwamba hewa iliyofungiwa ina sauti yake. Chapuo na vumi hutofautiana kwa ngozi, na pia kwa kiasi cha hewa kilicho tumboni mwa kila ngoma. Zanzibar, katika kidumbak, besi hupigwa kwa chombo kinachoitwa kwa jina lake halisi: sanduku. Ni sanduku la chai lililogeuzwa, lenye mti na uzi mmoja. Spika ya umeme inafuata kanuni hizo hizo, ila kwanza ina tatizo lake la kutatua.

Koni ya spika ikisukuma hewa mbele, papo hapo inaivuta ya nyuma. Mawimbi ya chini ni marefu mno: sauti husafiri karibu mita 344 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8. Mbele ya wimbi la ukubwa huo, spika ya inchi 15 ni kijisahani tu. Hewa ya mbele huzunguka ukingo na kuijaza ile iliyovutwa nyuma. Mawili hayo hufutana, na besi hupotea. Sanduku huwekwa ili kutenganisha mbele na nyuma.

Historia ina mfano wa kufundisha. Kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuuza gitaa la besi la umeme la Precision mwaka 1951, na mwaka uliofuata ikatoa amplifaya yake ya besi, Bassman. Katikati ya muongo huo Bassman ilipewa spika nne za inchi 10 katika sanduku lililo wazi nyuma. Besi ilififia, lakini wapiga solo waliipenda kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 mzunguko wake wa umeme uliigwa Uingereza na Marshall. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya besi kikawa mashuhuri mikononi mwa wengine, na sehemu ya sababu ilikuwa huo mgongo wazi.

4. Miundo mitatu

4.1 Sanduku lililofungwa

Muundo rahisi kuliko yote ni kuziba kila upande. Hewa ya ndani hugeuka springi inayoishika koni isiruke kupita kiasi. Chini ya kiwango chake sauti hushuka taratibu, desibeli 12 kila mitetemo inapopungua kwa nusu, na koni husimama upesi baada ya kila pigo.

Mfano unaojulikana zaidi ni sanduku la Ampeg SVT la mwaka 1969, lenye spika nane za inchi 10 katika vyumba vinne vilivyofungwa, spika mbili kila chumba. Eneo la koni hizo nane linazidi mara tatu eneo la koni moja ya inchi 15. Linalowashangaza wengi ni kuwa sanduku hilo, linalosifiwa kwa besi duniani kote, huanza kupoteza nguvu kabla ya kufika hezi 41. Halikuundwa kuchimba chini kabisa. Liliundwa kusukuma hewa nyingi pale sauti ambata zilipo, na kwa chemko naona huo ndio mwelekeo sahihi.

4.2 Sanduku la tundu

Mwaka 1932 Albert Thuras wa maabara za simu za Bell nchini Marekani alipewa hataza ya sanduku lenye tundu lililopimwa. Mtoto anayepuliza mdomo wa chupa anaijua kanuni yake: hewa iliyo shingoni hucheza juu ya hewa iliyo tumboni, na chupa hulia kwa sauti moja. Katika sanduku, shingo hiyo ni bomba. Karibu na mitetemo yake, bomba hutoa sauti na koni hupumzika. Faida ni besi zaidi kwa nguvu ile ile ya umeme. Hasara ni kwamba chini ya hapo sauti huporomoka kwa desibeli 24 kila nusu, na koni hubaki bila mshikaji, ikirukaruka hadi koili ikaumia.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea, kwa hiyo nitoe hesabu. Chukua sanduku lenye lita 100 za hewa halisi na bomba moja la PVC la inchi 4, urefu wa sentimita 7. Litalia karibu na hezi 40. Fundi akiongeza bomba la pili la urefu huo huo ili sura ya mbele ipendeze pande zote, sanduku halilii tena hezi 40. Limepanda hadi karibu 57. Kulikata sanduku libaki lita 50 huleta matokeo hayo hayo. Mabomba mawili yana faida yake halisi, kwa kuwa bomba moja jembamba hupiga mluzi wa upepo likisukumwa kwa nguvu. Ila yakiwa mawili, kila moja lazima lifike takribani sentimita 22 ili sanduku lirudi hezi 40. Tundu ni kipimo, na rula ni ya lazima.

Mfano wa zamani wa ukoo huu ni Ampeg Portaflex B-15 ya mwaka 1960, kazi ya Jess Oliver: spika moja ya inchi 15, na amplifaya inayopinduliwa na kufichwa ndani ya sanduku wakati wa safari. James Jamerson wa Motown aliitumia. Haikuwa na kelele kubwa, lakini kila noti yake inatambulika.

4.3 Baragumu

Muundo wa tatu unafanana na baragumu: koni ndogo huanza katika koo jembamba, na njia hupanuka polepole hadi mdomo mpana. Koo huipa koni hewa nzito ya kusukuma, na mdomo huikabidhi sauti kwa anga bila kuipoteza. Kwa wati chache hutoka sauti kubwa. Katika zama za amplifaya ndogo za valvu, kumbi za sinema zilitegemea kanuni hii, mfululizo wa Voice of the Theatre wa Altec Lansing wa miaka ya 1940 ukiwa kielelezo.

Kikwazo ni ukubwa. Ili baragumu litoe hezi 41 likiwa limening'inia angani, mzingo wa mdomo wake unapaswa kukaribia urefu wa wimbi, yaani upana wa karibu mita 2.7. Likiwekwa chini, ardhi hubeba nusu ya kazi. Likisogezwa ukutani hubaki robo. Likiwekwa penye kona hubaki sehemu ya nane. Paul Klipsch alitumia hila hiyo katika Klipschorn ya mwaka 1946, iliyokunja baragumu ndani ya kabati na kuifanya kona ya chumba kuwa mdomo wake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Acoustic 360 iliwaletea wapiga besi baragumu lililokunjwa lenye spika ya inchi 18 iliyogeukia nyuma. Jaco Pastorius ni miongoni mwa waliolitumia. Wapigaji wengi wamesimulia kwamba aliyesimama karibu nalo husikia kidogo, huku aliye mbali akipata besi nene. Kwa bendi ya magitaa matatu yanayosikilizana jukwaani, hilo si jambo dogo.

5. Sanduku na spika yake

Hadi miaka ya 1960 wabunifu wengi walifanya kazi kwa kujaribu na kusikiliza. Mwaka 1961 Neville Thiele alichapisha nchini Australia hesabu za sanduku la tundu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small akazipanua. Tangu hapo kila spika huweza kuelezwa kwa namba chache: mitetemo yake ya asili, ulegevu wa mshikio wake ukilinganishwa na kiasi fulani cha hewa, na nguvu ya sumaku katika kuizuia koni. Namba hizo ndizo zinazoamua lita za sanduku na urefu wa bomba.

Matokeo yake kwa anayeiga kazi ya zamani ni haya: akinakili mbao bila kuzingatia spika, amenakili umbo tu. Spika za zamani zilikuwa na koni nyepesi na sumaku kubwa. Nyingi zilikaribia desibeli 100 kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1, kwa sababu amplifaya zilikuwa za wati 25 au 50. Spika za besi za magari zinazouzwa madukani leo zina koni nzito, na nyingi hutoa desibeli 88 au chini ya hapo. Tofauti ya desibeli 12 ni nguvu ya umeme mara 16. Ili spika ya gari ifikie kelele ya spika ya zamani inayopewa wati 50, inahitaji wati 800, na koili isiyoungua kwa wati hizo.

Katika pwani ya Lindi hesabu hii ina bei. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Wilaya ya Kilwa, ilianza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004 kuzalisha umeme, ilhali sherehe nyingi za vijijini huku huku bado huendeshwa kwa jenereta. Jenereta ndogo inayobeba taa, kinanda na amplifaya tatu haina wati 800 za kumpa mpiga besi peke yake. Kwa bendi ya namna hiyo, desibeli za spika ni muhimu kuliko wati zilizoandikwa kwenye boksi la dukani, ambazo mara nyingi zimetiwa chumvi.

6. Kiwanja, ukuta na hewa ya bahari

Muziki mwingi wa pwani hii hupigwa nje. Nje hakuna dari wala kuta nne za kurudisha besi, na sauti hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Sanduku la besi likae chini, juu ya ardhi ngumu. Kulining'iniza juu ya nguzo ni kuitupa desibeli 6 ambayo ardhi huitoa bure, sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara nne.

Ukuta husaidia na huponza. Sanduku likibanwa kwenye ukuta mnene wa mawe na chokaa, kama zile za nyumba kongwe za Kilwa Kivinje, besi huongezeka tena. Likisogezwa mbele hadi spika ikae mita 1 kutoka ukutani, sauti inayorudi hupishana na inayotoka, na noti zilizo karibu na hezi 86 humezwa. Mpigaji ataona baadhi ya vituo vya gitaa vimekufa na kulaumu nyuzi, wakati tiba ni kulisukuma sanduku nyuma.

Kuhusu mbao, Kilwa ina sifa ya mpingo. Kupitia Mpingo Conservation and Development Initiative, misitu ya vijiji vya wilaya hiyo ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu mwaka 2009. Lakini mpingo ni mti wa klarineti na zumari; ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ubao mpana wa sanduku hautoki humo. Mninga ni mzuri kwa fremu na pembe. Kwa paneli zenyewe, plaiwudi ya milimita 18 inafaa kuliko ubao mzima, kwa kuwa ubao hupanuka na kusinyaa kwa majira, viungo vikaachia, na sanduku linalovuja hewa hupoteza besi na kupiga mluzi. Chipbodi iepukwe: unyevu wa pwani huivimbisha kuanzia chini, na skrubu zinazoshika spika hulegea. Chumvi ya hewani nayo hula fremu ya chuma hadi kutu ikaingia katika mwanya wa koili. Rangi ya mafuta pande zote, ikiwamo sehemu ya ndani ya bomba, na kifuniko cha turubai baada ya shughuli, ni kinga za bei nafuu.

Tusisahau safari. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, bendi iliyotoka Dar es Salaam kwenda Kilwa au Lindi ilivuka Rufiji kwa pantoni, na katika masika barabara ilifungwa kwa muda mrefu. Sanduku kubwa lisilobebeka na mtu mmoja lilikuwa mzigo wa kufikiriwa mara mbili. Hata leo, masanduku mawili yaliyofungwa, kila moja na spika mbili za inchi 10, hupakiwa kwenye bajaji. Moja la spika nane halipakiki.

7. Kabla ya kulivunja sanduku la zamani

Masanduku yaliyobaki ya bendi za zamani huishia kubomolewa: sumaku huuzwa, mbao huwa kabati. Anayekutana na mojawapo, kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, achukue vipimo vya ndani vya urefu, upana na kina. Unene wa mbao. Kipenyo cha kila tundu na urefu wa kila bomba. Mahali ubao wa kuimarisha ulipo. Na aina ya pamba au sponji iliyobandikwa ndani. Kwenye spika anakili maandishi yote ya nyuma ya sumaku, hata yanayoonekana hayana maana, kwa kuwa mara nyingi ndiyo yanayotaja kiwanda na mwaka. Koni iliyochanika isitupwe. Fundi anayesuka upya koili anahitaji kujua uzito wake na idadi ya mizunguko ya waya, na koni mpya nzito kuliko ya awali hubadilisha namba zote zilizoelezwa katika sehemu ya 5. Mwisho, kama mpigaji aliyelitumia sanduku hilo bado yuko hai, aombwe apige wimbo mmoja anaoukumbuka kupitia sanduku hilo hilo, na kinasa sauti kiwekwe mbele, mita 1, kikiwa wazi hadi chemko imalizike.